Nauli ya Asajile

Ibaba, 12 Julai 1949

Kwa kaka Asajile, huko migodini,

Salamu sana. Mahindi tumevuna, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Mama aliumwa jino tangu Pasaka. Shilingi za hospitali ya misheni hatukuwa nazo, kwa hiyo mhunzi aliling'oa kwa koleo. Shavu likavimba hadi jicho likafumba. Pesa ulizotuma zilifika akiwa bado anasema. Nilimsihi tumbebe kwa machela mpaka misheni. Akakataa katakata: "Hiyo ni nauli ya mwanangu kurudi nyumbani."

Nimempa Lusubilo, anayekuletea barua hii, akukabidhi zote. Njoo, kaka. Blanketi ulilomwahidi Mama usinunue. Tulimzika na lile la zamani.

Mdogo wako,
Enesi