Pindo la Chini Halijaguswa

Jumatatu, 3 Machi

Nimefumua tena sare ya Chiriku. Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, nimeachia mpaka ukingo wa kitambaa. Hakuna cha kuachia tena. Na pindo la chini? Liko vilevile nilivyolikunja mwaka juzi, nene, la vidole vitatu. Nguo ya mtoto mimi huwa naiwekea pindo nene — mtoto si anakua? Wangu hakui. Ana miaka kumi na mmoja na anatanuka tu. Tangu wamtoe ule uvimbe chini ya ubongo, urefu umesimama palepale.

Mwenzangu wa overloki, mashine ya kufunga kingo za nguo, akainyanyua sare pale kazini, akauliza ni ya mwalimu gani. Nikamjibu ya mwalimu wa hesabu. Limenitoka tu! Nimemkana mwanangu mwenyewe mbele ya cherehani yangu.

Nyumbani nimelia bafuni, bomba nimelifungulia ili mama mkwe asisikie.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Leo tumepata daktari wa homoni, mama mmoja mfupi, mpole, anachora huku anaongea. Angalau huyu ameeleza nikaelewa.

Mafuta ya mwilini yanatuma ujumbe kwenye ubongo: tumeshiba, acha. Tumbo likiwa tupu nalo linatuma wake: leta. Pa kupokelea ni padogo tu, chini ya ubongo, na hapo hapo ndipo uvimbe ulipokuwa umejikalia. Wameutoa, pamebaki kovu. Ujumbe wa shibe unafika, unabisha hodi, nyumba ilishahamwa. Basi mwili unadhani unakufa njaa. Unabana matumizi, kila tonge unaliweka akiba. Na usingizi unaongozwa jirani na hapohapo — ndiyo maana mchana anasinzia darasani, usiku macho makavu.

Nikamuuliza, kwa hiyo si ulafi? Akasema si ulafi, mama, njaa yake ni ya kweli, kama ya mtu aliyeshinda na kulala bila kitu.

Nilidhani nitafarijika. Wapi! Bora angesema ulafi. Ulafi ningeugombeza.

Akaendelea. Mafuta yanambana koo akilala, anakoroma halafu pumzi inakatika. Moyo unachoka. Uzito ukiendelea kupanda hivi... hakumalizia, akatazama mchoro wake. Turudi tarehe 25. Chakula kipimwe, jiko lifungwe.

Jiko lifungwe. Mimi niliyelelewa kwamba mgeni asiyefahamika akipita mlangoni anakaribishwa kula, nimfungie jiko mwanangu.

Jumapili, 9 Machi

Baba Chiriku ni seremala. Mtaa huu nusu ya milango kaitengeneza yeye, na jikoni kwetu miaka yote ni pazia. Leo ametengeneza mlango. Mbao nzuri alizokuwa amemtunzia mteja. Kitasa, kufuli, bawaba tatu.

Chiriku ndiye aliyemshikia skrubu. Akauliza, baba, mlango wa nini? Mwanaume mzima akanitazama mimi! Nikasema wa kuzuia panya.

Chiriku akacheka kidogo. "Panya mkubwa," akasema. Akampa baba yake skrubu nyingine.

Anajua. Jamani, anajua kila kitu.

Ufunguo nimeutia kwenye utepe, nimeuvaa shingoni. Mama mkwe amesema tangu azaliwe hajaona chakula kikitiwa gerezani. Tangu hapo haongei nami. Anaongea na sufuria.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu ameniita. Chiriku kalala juu ya dawati vipindi viwili, halafu kala mkate wa mwenzake. Mwalimu anasema ana tabia. Nikamwambia ana kovu, tabia ninayo mimi, na nikikuonyesha utakimbia. Mdomo wangu hauna breki.

Njiani nikamshika mkono. Huyu mtoto alikuwa na domo, ndiyo maana majirani wakamwita Chiriku. Alikuwa anakusimulia ndoto yake mpaka chai inapoa. Leo njia nzima kasema maneno mawili. Nina njaa.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikuwa nabadilisha foronya. Ya Chiriku ikamwaga chenga za mkate na sukari.

Sikuuliza mara mbili. Mama mkwe alikiri mwenyewe, kidevu juu. Anamwekea kila jioni mkate wenye sukari chini ya mto. Mtoto analia njaa, hapati usingizi, afanyeje? Mwanawe kamlea hivyo, akiomba anapewa, na si ndiye huyu mume ninayejivunia? Mtoto akisema ana njaa, ana njaa!

Na ni kweli. Daktari mwenyewe kasema ni kweli. Nikachukua neno lililokuwa karibu.

Nikasema: mama, unamuua.

Maji yakimwagika hayazoleki. Alikaa kitandani kama mtu aliyesukumwa. Alikuwa ameshika mkate mkononi bado. Baadaye akafunga mzigo wake, Baba Chiriku akampeleka kwa wifi yangu. Aliporudi hakunitazama, alikwenda kupiga randa ubao ambao hauhitaji randa.

Chiriku akaniuliza, Bibi ameondoka kwa sababu ya mkate? Nikasema hapana. Akasema basi kwa sababu yangu.

Nilimkumbatia. Mikono yangu haimzunguki tena.

Jumanne, 18 Machi

Zamu ya usiku ya kulinda jiko ni yangu. Baba Chiriku anashika misumeno, bora asisinzie kazini, vidole vikikatika havioti. Nimetandika godoro kwenye ujia, mgongo kwenye mlango wa jikoni.

Chiriku huja. Haombi. Anakaa miguuni pangu, anavuta harufu.

"Kuna mkate?"

"Upo."

"Mzima?"

"Mzima."

Kisha anauliza wali uliobaki uko kwenye bakuli gani. Namwambia la kijani. Anatikisa kichwa. Nadhani anapenda tu kujua uko wapi. Najikaza mpaka arudi kitandani, halafu usingizi nao unanigomea.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimeshona mkono wa shati kinyume. Mimi! Mwenzangu wa overloki akacheka, akanipapasa kiuno: shosti, unanenepa, mambo si mabaya! Nikacheka naye. Zipu ya sketi yangu nimeifunga kwa pini.

Niandike. Hapa hakuna wa kunisoma.

Ninakula. Chiriku akirudi kulala ninafungua jiko, najifungia ndani, nasimama gizani nakula mkate. Na sukari! Si kwamba sijui. Nilipokwenda kuchukua dawa zake, muuguzi alinitazama macho yangu akaniambia asiyelala, homoni ya njaa inampanda na ya shibe inashuka, hata kama ubongo wake ni mzima. Mwili unadai chakula badala ya usingizi, na unataka kitamu. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo. Kujua hakushibishi. Njaa ile inakuja kama amri, na mimi natii kabla sijafikiri.

Nimemfukuza mama wa watu kwa mkate uleule.

Jumatatu, 24 Machi

Amenikuta.

Kulikuwa kunapambazuka. Nimetoka jikoni taratibu, nageuka kufunga, Chiriku amekaa kwenye godoro langu, mikono magotini. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Alisikia kila kitu. Mkate mkavu una kelele.

Nikasema nilikuwa naangalia panya.

"Panya mkubwa," akasema.

Tukacheka! Mungu wangu, tulicheka sote wawili, mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko changu kikageuka kilio. Yeye akasogea, akanipangusa mdomo kwa kidole. Kilikuwa na sukari. Akakitazama. Alikitazama muda mrefu, na mimi nikakitazama. Akakifuta kwenye gauni lake.

Akaniuliza, mama, na wewe ubongo wako hausikii?

Nikamwambia wangu unasikia, ila haulali. Akafikiri. Akasema basi mbona ni rahisi, ulale.

Rahisi! Jioni nimemwambia Baba Chiriku yote, na la mkate pia. Akasema kesho atamchukua mama yake aje naye kliniki. Amenitazama machoni, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Jumanne, 25 Machi

Naandikia kwenye benchi la kliniki, daftari juu ya goti.

Nililala jana. Nililala kama gogo! Nimeamka jua liko kwenye ukuta, nashika shingo — utepe haupo. Ufunguo haupo. Nimesukuma mlango wa jikoni, umefungwa. Nimekimbilia chumbani.

Chiriku amekaa kitandani, mgongo ukutani, macho mekundu. Ngumi amekunja. Akaifungua mbele yangu, ufunguo ukiwa umeacha alama yake kwenye kiganja, meno yote ya ufunguo yanaonekana.

"Sikufungua," akasema. "Nilikulinda wewe. Sasa uchukue haraka, mama."

Nimeuchukua. Nimekwenda kufungua. Mkate ulikuwa mzima, na wali kwenye bakuli la kijani.

Usiku kucha, na njaa ile. Mimi na ubongo wangu mzima sijaweza hata mara moja.

Mama mkwe amekuja. Amekaa upande ule wa Baba Chiriku. Hajawahi kumjia mjukuu wake mikono mitupu, leo mitupu. Hajui aiweke wapi, mara mapajani, mara kwapani. Nimemwambia shikamoo mama. Ameitikia. Kisha akanyoosha mkono mmoja, akamshika Chiriku kichwani, hapo juu ya kovu la upasuaji, na hajautoa mpaka sasa.

Chiriku ana furaha leo. Anaongea! Kanisimulia njia nzima jinsi saa ya ukutani inavyogonga usiku na panya wa kweli aliyemwona kwenye ujia. Ana uhakika uzito umeshuka. Sijui nimwambieje. Daktari alishasema mwili wake unaweka akiba hata anapokula kidogo, na kutolala nako kunaongeza. Usiku mmoja wa ushujaa mzani hauujui.

Wamemwita. Amevua viatu. Sasa ameniletea vibanio vya nywele nimshikie, vidogo vile vya plastiki, na pete yake ya bati. Kaniambia usiangalie, mama, mpaka nikuite.

Mlango wameuacha wazi. Amepanda. Amesimama wima kabisa, kidevu juu kama bibi yake, amebana pumzi. Sare imembana kwapani, na lile pindo langu nene linaning'inia chini, halijaguswa.

Muuguzi anasogeza kile kichuma cha mzani kulia, kwenye kilo za juu. Kidogo. Tena kidogo.

Bado anasogeza.