Moto Usioivisha Muhogo

Newala, Jumatano usiku

Yuniti za umeme zinakaribia kwisha tena, na mwezi bado mbichi. Hita ya chumbani kwa mama ndiyo inayozila. Lakini baridi ya Julai huku juu haina huruma, na daktari alisema waziwazi kwamba kifua chake hakitahimili tena moshi wa kuni.

Leo nilirejea kutoka kazini nikaikuta hita inawaka katika chumba kitupu. Mama alikuwa jikoni uani, ameinamia mafiga pamoja na mke wangu, anakohoa.

"Shikamoo, mama. Mbona umerudi kwenye moshi?"

"Marahaba, Baba Asha. Ule moto wako hauivishi hata muhogo. Unakula umeme bure."

"Unakupa joto, mama."

"Joto la kukaa peke yangu? Hata maiti hukeshewa na watu, mwanangu."

Mke wangu alicheka.

Majuma yote haya nimeuchunga umeme. Sikujiuliza anazungumza na nani humo ndani.

Jioni tulihamishia mkeka na sahani chumbani kwake, tukala wote huko. Alikohoa kidogo, akatutania kwamba tumemfuata kama vifaranga.

Umeme nitanunua. Ninachokiogopa ni siku atakapoacha kutoroka kwenda jikoni, nami nikadhani ameridhika.