Wamempiga Mjukuu Wako kwa Mchezo Wako

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na ungekuwepo ungenambia ninywe maji kwanza. Nshakunywa. Hazikushuka.

Unakumbuka uwani kwetu Kiembe Samaki, ulipotufundisha kompyuta na nyumbani hatuna kompyuta? Ulichora vyumba vya miraba kwa chaki sakafuni. Mmoja wetu akawa mashine, mwengine akatoa amri, na mashine ifanye lile tu ililoambiwa. Siku moja kaka Haji akaniamuru, "Nenda mbele, rudia," akasahau kunambia nikome wapi. Nikaenda mpaka nikatumbukia kwenye beseni la nguo. Ulicheka hadi ukakaa chini, kisha ukamuuliza, "Haya Haji, imekosea mashine au amri yako?" Leo naandika programu za kompyuta, nakula kwa kazi hiyo, na mwalimu wangu wa kwanza ni wewe.

Mama, wamempiga Sabra. Mwanangu, uliyemfundisha mchezo huohuo kabla hujatutoka. Skuli yao ina chumba cha kompyuta, lakini kimepigwa kufuli. Watoto wananakili maana ya neno "programu" ubaoni na kuikariri. Wakati wa mapumziko Sabra akachora vyumba, akawapanga wenzake. Mwalimu akamchapa bakora za mikono kwa kuchezea somo.

Kuchezea somo! Asubuhi yake nikaenda skuli. Mwalimu mkuu akanambia, "Bi Nasra, watoto wakicheza hawasomi."

"Mliwauliza wanacheza nini?"

"Mchezo ni mchezo."

"Basi hamkuuliza. Mmempiga kabla ya kuuliza, halafu mnajiita walimu!"

Hakuomba radhi. Nimewashtaki kwa wakubwa wao, na kufuli bado lipo. Lakini kilichonikata maini ni Sabra, aliponiuliza usiku ule, "Mama, kwani bibi alinifundisha makosa?"

Jumamosi nikawaita watoto wa mtaa barazani kwetu. Sabra alisita, akanitazama, kisha akaanza kuwapanga. Wakapiga kelele, wakabishana, wakafuta, wakaanza upya. Bi Mwanaidi, jirani yetu, akatoa kichwa dirishani.

"Nasra, kuna harusi?"

"Hapana, Bi Mwanaidi. Kuna skuli."

Mungu akurehemu, Mama. Jumatatu nipo tena mlangoni kwa mwalimu mkuu, na siondoki mpaka amwombe radhi mtoto.

Bintiyo,
Nasra