Barua ya Kompyuta Isiyo na Salamu

S.L.P. 214,
Migori.
Alhamisi, 11 Machi 1999

Mpendwa kaka Matiko,

Hujambo na baridi ya huko Uingereza? Kile kifua kimepona? Unapata chakula cha kushiba? Mama alikuwa na malaria, lakini sasa anakula ugali tena. Ng'ombe wote wako salama, na yule mwekundu amezaa ndama jike. Mvua bado. Nimekusalimia kirefu makusudi, na sababu utaiona.

Ile barua ya kompyuta uliyomwandikia Baba ilifika Jumanne tarehe 2. Sista Marcella wa ofisi ya hospitali hapa Homa Bay huunganisha kompyuta na laini ya simu siku ya Jumanne tu, kisha huchapa barua za wagonjwa na kuzipeleka wodini. Baba hawezi kufika kwenye simu. Mguu wake umefungwa kwa kamba yenye vyuma vizito vinavyouvuta mpaka mfupa wa paja uunge. Karatasi hiyo ndiyo sauti yako.

Nilimsomea ilivyokuwa: "Baba, usishuke kitandani. Daktari anajua kazi yake. Matiko." Basi.

Baba akauliza, "Nani amekufa?"

Kaka, umesahau. Kwetu anayeingia bila kusalimia amebeba msiba. Mama hakuwa amefika wodini kwa sababu ya homa yake, na Baba akajumlisha mwenyewe: Mama amefariki, wewe umepigiwa simu, yeye anakatazwa kushuka ili mazishi yapite bila yeye. Akaanza kuvuta ile kamba aende nyumbani. Wauguzi wakamshika.

Mzee Osoro wa kitanda cha pili akamwambia, "Maroa, ukienda uache huo mguu hapa. Hautafika hata Rodi Kopany hapo karibu."

"Wewe nyamaza," Baba akasema. "Huko kwenu Kisii mnasalimia ndizi. Utajua nini?"

Ilinibidi nirudi Migori nimlete Mama, amejifunga blanketi. Alisimama mlangoni akasema, "Baba Matiko, ulitaka kunizika hata sijamaliza uji?" Baba alimshika mkono, hakuuachia haraka. Nikafikiri yamekwisha. La. Hapo ndipo hasira ilipoanza: kama hakuna aliyekufa, mbona mtoto hakusalimia?

Najua ulikuwa na haraka, na kwamba mnapanga foleni kwa hizo kompyuta za chuo. Yeye haelewi hivyo.

Juzi Jumanne alinipa maneno ya kukujibu. Sista hukubali nusu ukurasa tu, wagonjwa ni wengi. Salamu zilijaza nafasi yote, majirani na ng'ombe, na mguu haukupata hata mstari. Ndiyo maana natumia posta.

Habari yenyewe ni hii. Daktari anasema akishuka kabla ya Pasaka mfupa utaunga vibaya, na hatafuata ng'ombe tena maisha yake. Baba naye anataka fundi wa mifupa wa kule nyumbani. Kila nikitoka kuchota maji narudi mbio kutazama kama kamba bado imefungwa. Siwezi kuketi, siwezi kusoma, hata shajara yangu nimeiruka siku kadhaa, na unanijua.

Nilimwomba aahidi kukaa mpaka Pasaka. Alikataa. Ameahidi kukaa mpaka Jumanne, asikie umejibu nini.

Kwa hiyo usikose Jumanne hata moja. Anza na Mama, kisha Baba mdogo Nchagwa, kisha ng'ombe. Uliza habari za ndama. Mambo ya daktari unaweza kuyaacha kabisa. Wewe mpe Jumanne, naye atatupa wiki nyingine kitandani.

Mama anakusalimu. Baba mdogo Nchagwa na Phanice wake wanakusalimu. Mzee Osoro pia, ingawa hakujui, anasema mwandikie baba yako tupate usingizi. Mungu akutunze ugenini na akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukungoja,
Rispa