Baruti ya Bwana Njoroge

Jumatatu, 5 Machi 2012

Nimefungua duka, nimefuta kaunta, nimepanga makopo ya baruti, lebo zote zikitazama mlango. Tangu Desemba nauza vifaa vya wapiga shabaha hapa Kensington, na bado nashika kopo kama nimebeba mtoto mchanga wa jirani. Sikusomea haya. Nilisomea hesabu, Bujumbura. Shangazi kasema tena asubuhi, "Tulikimbia risasi, weye ukaenda kuziuza."

Jumanne, 6 Machi

Bwana Njoroge amekuja. Mkenya, mtu wa benki. Jumamosi hupiga shabaha klabuni kwa rivolva, na risasi hujijazia mwenyewe nyumbani: ganda lililokwisha kutumika, kiwashio kipya, baruti, kisha kichwa cha risasi juu. Baruti aliyoizoea haipatikani tena madukani. Akataka tumchagulie nyingine. Bosi wangu, Oom Danie, mzee wa Kikaburu ambaye wote humwita oom, yaani mjomba, alikuwa anakunywa kahawa. "Muulize huyu," akasema, akaninyooshea kikombe. Nilidhani ni mzaha. Si mzaha. Nimeomba muda hadi Alhamisi.

Baruti ikizidi, silinda ya rivolva hupasuka mkononi mwa mtu. Vidole. Macho. Na mimi ndiye niliyechagua.

Jumatano, 7 Machi

Nimesoma kitabu cha vipimo vya baruti kutwa, mkate mkononi. Baruti za bunduki ndefu nimeziweka kando. Huungua polepole, na mtutu wa rivolva ni mfupi, haziwahi kuungua zote. Zimebaki mbili ambazo kitabu kinazikubali kwa risasi yake. Ya kwanza kali, chembe ndogo, kidogo tu chatosha. Wateja wote wanaisifu. Ya pili nyepesi, imefura kama pumba, hujaza ganda zaidi ya nusu.

Nikajiuliza swali la mwoga: akikosea je? Akitia mara mbili katika ganda moja? Ile kali itaingia yote na nafasi itabaki. Hataona kitu. Ile nyepesi itamwagika.

Nimechagua pumba.

Alhamisi, 8 Machi

Hakupenda. "Dada, hii ni baruti ama ni chakula cha kuku? Wenzangu wote wanatumia ile ingine. Kopo moja linakupeleka hadi Krismasi."

Nikamweleza. Akacheka. "Nimejaza risasi kabla wewe hujazaliwa. Mimi sikosei."

"Kila aliyekosea, jana yake alikuwa hakosei," nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi.

Oom Danie akageuka kutazama barabara. Bwana Njoroge akachukua kopo la pumba, na kitabu cha vipimo pia, maana nilikataa kumtajia kipimo kwa mdomo. Aliondoka amenuna. Sijutii.

Jumamosi, 10 Machi

Leo wanashindana klabuni. Wateja wengi. Kila gari lililosimama nje, nilidhani ni polisi. Nachukia kazi hii.

Jumatatu, 12 Machi

Hakuja. Kila Jumatatu huja kununua karatasi za shabaha. Sikula. Namwona Bwana Njoroge mkono umefungwa bendeji, na mke wake akiuliza nani alimuuzia.

Jumatano, 14 Machi

Amekuja. Nilitazama mikono kabla ya uso. Mizima.

Jumamosi asubuhi alikuwa akijaza risasi za mashindano, mwanawe akapiga simu kutoka Durban. Wakaongea, wakacheka, akarudi mezani. Akamimina baruti katika ganda alilokwisha kulijaza. Ikafurika, ikatapakaa mezani. Akakaa kuitazama.

"Ingekuwa ile ingine, ningeifunga na nisijue," akasema. Akafungua risasi zote za siku hiyo, moja moja, akaanza upya. Mashindano yakampita.

"Na Jumatatu?" nikauliza.

"Jumatatu niliona haya, dada."

Akatoa mfukoni ganda lenyewe, tupu, akaliweka juu ya kaunta. "Hili ni lako. Na huo woga wako usije ukautupa."

Oom Danie akasema, "Sharp," yaani safi kwa lugha ya hapa, basi. Kisha akavuta kiti chake kirefu, anachokalia akiwashauri wateja, akakisogeza upande wangu.

Nimekikalia hadi kufunga. Nimejivunia. Naandika tena: nimejivunia.

Jumapili, 18 Machi

Mvua kidogo. Akina mama wa kanisa wamekuja kwetu hapa Bellevue kunywa chai. Mimi nyuma ya pazia, napiga pasi shati la kazi. Nikamsikia Shangazi.

"Mtoto wetu yuko kwa duka la bunduki, kule Kensington. Baruti ni yeye anachagua. Watu wazima wanangojea aseme."

Mmoja akauliza kama si hatari.

"Hatari ni mtu asiyeogopa," Shangazi akasema, akamwongezea chai.

Ganda liko dirishani. Nimemaliza kola, nikaanza mikono.