Fomaika ya Meza ya Boti na Mkono Wangu wa Kushoto

Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, Songea yote imejikunyata, lakini moyoni mwangu kuna jua. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Shule niliiacha darasa la pili, randa sikuiacha.

Leo nimetengeneza meza ya boti.

Mtasema, boti hapa mtaani kwetu Bombambili, mbali na ziwa? Basi sikilizeni. Shemeji Agnesi, mdogo wake mke wangu, ana boti ya abiria kule Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Mpishi wake aliweka sufuria ya moto mezani, fomaika, ile plastiki ngumu iliyobandikwa juu ya ubao, ikavimba kama andazi, ikapasuka, maji yakaingia. Jana kashuka stendi na ubao wa meza kaufunga kwenye kitenge. Akawapita mafundi wote wa mjini, akaja kwangu, maana anajua nani ni nani. Kesho asubuhi anaondoka nao.

Niseme ukweli. Tangu kiharusi kinipitie, mkono wa kushoto ni mzito, na hakuna aliyeniletea kazi. Wanapita wananipa pole, wakifika mbele wanasema mzee kaisha. Nikajiambia: hii ikiharibika, nafunga karakana mwenyewe, nisingoje kuambiwa.

Fomaika ya zamani niliibandua kwa pasi ya mkaa. Unaipitisha polepole juu ya kitambaa, gundi inalegea, unaingiza patasi, inanyanyuka yenyewe. Vijana wanagonga nyundo. Mimi naibembeleza.

Kisha nikaona ubao una kingo zilizoinuka pande zote nne. Nikacheka. Nikasema aliyetengeneza hii alikuwa amelewa ulanzi, meza gani ina ukuta? Nikachukua randa nizifute. Agnesi akaruka kutoka kwenye kigoda.

"Shemeji weee! Hizo ndizo zinazoshika sahani mawimbi yakija! Unadhani ziwa limelala kama shamba lako la mahindi?"

Nikaweka randa chini. Nikamwambia nilikuwa namjaribu. Hakuamini.

Sasa kingo zile zikaleta kazi. Fomaika mpya lazima iingie katikati yake kamili, hakuna cha kupunguza baadaye. Na gundi hii unapaka ubao, unapaka na fomaika, unasubiri mpaka isinate kidoleni. Kwa baridi ya leo nilimaliza birika mbili za chai. Vikishagusana, haina samahani, huvitenganishi tena. Ndiyo maana nikapasua mwanzi, vijiti vyembamba, nikavilaza kutoka ukingo hadi ukingo, fomaika juu yake, isiguse gundi kabla haijakaa sawa. Unaanza kona moja, unabana, unachomoa kijiti. Unabana, unachomoa. Zamani nilifanya peke yangu huku napiga mluzi.

Leo nilichomoa cha kwanza, mkono wa kushoto ukatetemeka. Fomaika ikaanza kwenda upande.

Sijawahi kuita mtu kwenye kazi yangu.

Nikaita. "Mama Keneti! Njoo ushike hapa!"

Mke wangu akatokea jikoni na unga mikononi. "Mimi? Si ulisema humu wanawake wanaingia na ufagio tu?"

"Nawa haraka, mama, utanigombeza baadaye."

Akanawa. Akashika. Jamani, mwanamke huyu ana mkono uliotulia! Mimi nabana, yeye anachomoa, bila kuuliza kipi kinafuata. Kumbe miaka yote alikuwa anaangalia. Kijiti cha mwisho kikatoka, fomaika ikaketi konani, tap! Hata unyoya haupiti.

Agnesi akamwaga maji juu yake, akauyumbisha ubao huku na huku kama uko ziwani. Halikupenya hata tone. Akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kwenye manyunyu.

"Haya, fundi ni nani hapa?" akawauliza.

Wakamnyooshea kidole mke wangu, wajinga wale. Nilitaka kubisha, nikajikuta nacheka mpaka machozi.

Sifungi karakana. Fundi wa kwanza Bombambili bado ni mimi, hilo halina mjadala.

Ila kila kazi yangu huwa naandika jina langu chini yake kwa penseli. Leo nilipomaliza kuandika, nikampa mke wangu penseli. Akaandika Veronika, taratibu, kwa herufi kubwa kuliko zangu. Jina lake likatangulia kuonekana, langu likabaki kama mtoto wake.

Nimeliacha hivyo hivyo. Na kazi ijayo ikija, je, nitaweza kumpa penseli tena, bila kungoja aniombe?