Shotgani Fupi ya Kiwandani Nyakato

Mjukuu wangu Masalu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako bado anasumbuliwa na magoti. Mimi nimechoka tu.

Unauliza kama ukubali lindo la kubeba silaha huko Dar, na kwa nini shotgani za kampuni hiyo ni fupi. Nilipokuwa mlinzi wa kiwanda cha samaki Nyakato, walichukua ile yangu ndefu wakanipa fupi, haina kitako, ya kukoki kwa kuvuta mkono ulio chini ya mtutu. Mkufunzi alisema imefupishwa ili igeuke kirahisi kwenye korido nyembamba.

Alasiri moja nikasikia mtu kwenye stoo ya mapanki, ile mifupa ya sangara. Nikakata kona, nikakoki. Mtutu ukamgusa kifuani mzee jirani yetu, amekumbatia ndoo ya mapanki. Salamu ikanitoka yenyewe: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Kazi ukiitaka, sitakukataza. Mimi bunduki niliirudisha siku ile ile, nikaomba ufagio. Ile ndefu ilikuwa ya kulenga mbali. Hii fupi imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliye karibu kiasi cha kumwamkia.

Babu yako,
Kiseke